Piano ya Kuupigia Wimbo wa Mama

Jumatatu, 3 Machi

Dada amepiga simu ofisini. Simu ya ofisini! Mara ya mwisho alifanya hivyo alipofiwa na mumewe, kwa hiyo nilisikiliza nikiwa nimesimama wima katikati ya makabati ya mafaili, roho mkononi. Hakuna aliyekufa. Anahama. Mwanawe amemtaka akaishi naye huko aliko, safari ya ndege mbili, na nyumba anaikabidhi wiki baada ya ijayo. Jumapili ya tarehe 16 anatualika chakula cha mchana, mimi na mdogo wangu, tuagane.

Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi, kama kuna anayeukumbuka wimbo wa Mama. Ule aliokuwa akitupigia kwenye piano kila jioni tukishaoga. Anataka ausikie mara moja tu, aurekodi kwenye simu, aondoke nao. Mama aliutunga mwenyewe na hakuuandika popote. Usipopigwa safari hii, basi tena.

Nimejibu kwamba naukumbuka wote, mwanzo hadi mwisho. Dada akasema vizuri sana, maana mdogo wako naye amesema hivyo hivyo dakika tano zilizopita.

Dakika tano! Nilimtangulia duniani kwa miaka minne na hajanisamehe mpaka leo. Sasa anauza matangi ya maji na anajiita Mkurugenzi. Kampuni ina wafanyakazi wawili, naye ni mmoja wao.

Ukweli, kwa kuwa shajara hii ina kufuli: sijagusa piano tangu nina miaka kumi na mitatu. Ile ilikuwa mali ya shule alikofundisha Mama, imewekwa kwenye nyumba ya mwalimu tuliyopewa. Alipohamishwa, sisi tukaondoka, yenyewe ikabaki. Lakini wimbo ninao. Nikifumba macho napata mpaka harufu ya sabuni kwenye kanga yake. Mkurugenzi alikuwa mdogo mno. Atakumbuka nini yule?

Jumanne, 4 Machi

Utafiti. Nimetumia saa nzima ya mapumziko, na saa mbili ambazo si za mapumziko, kusoma kuhusu piano za kidijitali za kubebeka. Maajabu matupu! Unavaa hedifoni, unapiga, na hakuna anayesikia isipokuwa wewe. Hili ni muhimu. Chini yetu anaishi muuguzi mstaafu ambaye hugonga dari kwa ufagio hata nikipiga chafya.

Karatasi zote za utafiti nilizochapisha nimezificha kwenye faili la Barua Zisizo na Mwenyewe. Mimi ndiye karani wa masjala, na katika miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kuliomba.

Kikwazo: mke wangu. Tangu niliponunua ile baiskeli ya mazoezi, ambayo sasa inaanikiwa soksi, kuna sheria nyumbani. Hakiingii chombo kipya bila kikao. Na katika vikao sijawahi kushinda.

Nimepata mbinu. Safi, nyepesi, haina gharama. Sitanunua. Nitachagua. Kila siku baada ya kazi nitapita kwenye duka la ala za muziki, nitajaribu piano moja baada ya nyingine kama mnunuzi makini, na kufikia tarehe 16 nitakuwa nimefanya mazoezi ya siku kumi kwa hisani ya duka. Kama Jumapili kutahitajika piano, Mkurugenzi hakosi kuja na ya kwake ya kujionyesha.

Jumatano, 5 Machi

Duka lenyewe ni chumba kirefu chenye zulia, magitaa yamening'inizwa ukutani. Muuzaji ni mama wa makamo, miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi. Aliuliza piano ni ya nani. Nikasema ya mtaalamu fulani aliyepumzika kidogo. Akauliza amepumzika tangu lini. Nikasema miaka arobaini na minne.

Akavaa miwani, akaniangalia, akaanza kunifundisha. Kumbe kuna elimu! Hii fupi ina vibonye sitini na kimoja, ni nyepesi, unaibeba begani kama mkeka. Ile ndefu ina vyote themanini na vinane kama piano ya mbao, na vibonye vyake ni vizito: ukigusa taratibu inanong'ona, ukikandamiza inanguruma. Na pedali ya mguu, ya kuifanya sauti ikawie. Kwa mazoezi ya nyumbani, alisema, mtu anayetaka vidole vyake vizoee vizuri achukue ile ndefu. Nikajibu kwamba mimi huamua taratibu.

Nikavaa hedifoni. Nikaweka mikono.

Vidole vilianza vyenyewe! Mstari wa kwanza. Wa pili! Nywele zilinisimama. Nilikuwa nimekaa tena kwenye ile benchi, miguu haifiki chini, bega langu kwenye mkono wa Mama, naye akinisukuma kila anapotaka noti za upande wangu. Nusura nimwambie asogee.

Mstari wa tatu, pale wimbo unapopanda juu, ikatoka sauti ambayo haimo. Ting! Kama kijiko kimeanguka jikoni. Nikarudia. Ting! Nikavua hedifoni nikamwarifu muuzaji kwamba piano yake ni mbovu. Alibonyeza, akasikiliza, akasema ni nzima. Sikutaka kumwaibisha mbele ya wateja. Nimeondoka nikisema nitafikiri.

Ijumaa, 7 Machi

Piano ya pili, mbovu. Ya tatu, mbovu. Zote pale pale, kwenye kibonye kile kile. Nilijaribu cha kushoto kwake: kibaya zaidi. Cha kulia: aibu tupu. Nilimweleza muuzaji kwa upole kwamba huenda ameuziwa shehena nzima yenye kasoro. Akaniambia kwa upole vilevile kwamba noti ile iko hivyo kwenye piano zote duniani.

Nilikuwa natafuta jibu la maana wakati nilipomwona Mkurugenzi nje ya kioo. Anaingia! Nikajitupa nyuma ya ngoma kubwa. Magoti yalilia, namshukuru Mungu hakusikia. Alikaa dakika kumi, hakujaribu chochote, akanyoosha kidole kwenye ile ndefu na stendi yake na benchi yake na pedali yake, akalipa, akasaidiwa kubeba hadi kwenye gari. Hivyo ndivyo mtu asiye na sikio la muziki anavyonunua piano.

Muuzaji alinikuta bado nimechuchumaa. Akauliza kama na ngoma nachagua.

Jumamosi, 8 Machi

Duka linafungwa mapema. Nimefanya mazoezi kwenye meza ya chakula, vidole tu, bila sauti. Mke wangu aliuliza nina nini. Nikasema ni maradhi ya makarani, vidole hukakamaa kwa kufungua mafaili, na daktari wa kazini ameagiza vinyooshwe. Nilijipongeza moyoni kwa wepesi wa akili.

Akaenda kuleta dawa ya kuchua. Amenichua mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, kwa huruma kubwa, huku akisema pole baba watoto, kazi hiyo itakuua. Nilijisikia vibaya kwa muda mrefu. Lakini sikusema.

Jumatatu, 10 Machi

Amenichua tena asubuhi kabla ya kwenda kazini. Matokeo: jioni dukani vidole viliteleza kama samaki, na vibonye vya piano ya nne vikanuka kafuri. Muuzaji alinipa kitambaa nikavifuta vyote, kimoja kimoja, huku akisimama juu yangu. Kisha akasema, kwa heshima, mzee wangu, sasa umeshachagua vya kutosha. Ama ununue, ama nianze kukuandikia ada ya mwanafunzi. Na kama ni ada, akaongeza, basi nikubali pia kusahihishwa, maana mkono wangu wa kushoto unatia huruma.

Maji yalinifika shingoni. Zimebaki siku sita. Nikanunua.

Alinishauri kwa mara ya mwisho nichukue ndefu, ya vibonye vizito. Nilimwambia najua ninachofanya. Nimechukua ile fupi. Sababu za kitaalamu: inaenea nyuma ya kabati la nguo.

Jumanne, 11 Machi

Mbinu ya kuiingiza ilikuwa kamili. Ikiwa ndani ya mfuko wake ni ndefu, bapa na nyembamba. Nimeingia nayo mlangoni nikatangaza kwamba nimemnunulia mke wangu meza ya kupigia pasi.

Sikujua kwamba ameitamani meza hiyo kwa miaka tisa. Alipiga kigelegele! Alinishika mashavu. Nilipotoka bafuni ilikuwa imelazwa juu ya viti viwili, imetandikwa shuka, shati langu la ofisini juu yake, na pasi inatoa moshi.

Nilipiga ukelele ambao hata muuguzi wa chini hakuujibu kwa ufagio, nadhani aliogopa. Nikaeleza kwamba meza za aina hii lazima zipumzishwe wiki moja kabla ya kutumika. Mke wangu aliweka pasi chini. Akauliza kwa nini meza ya pasi ije na hedifoni.

Nimekiri yote. Dada, wimbo, duka, ngoma, maradhi ya makarani. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema alijua tangu Jumamosi kuna muziki ndani yake, maana hakuna maradhi yanayomfanya mtu agonge meza kwa mpangilio ule ule mara arobaini. Alichotaka kujua ni kimoja tu: kwa nini sikumwambia. Kwamba nataka kumpigia dada yangu wimbo wa mama yetu. Nani angenikatalia hilo?

Nimeapa mbele yake, mkono juu, kwamba kuanzia leo sitamficha kitu. Niliapa kwa dhati na machozi yalinilengalenga. Shati limeungua kola.

Alhamisi, 13 Machi

Mazoezi asubuhi, mazoezi jioni. Mke wangu anasema akinitazama nimevaa hedifoni anasikia tu kuku akidonoa bati. Kasoro mbili. Ya kwanza, wimbo unaishia chini kabisa, mkono wa kushoto, noti nzito ambayo Mama alikuwa akiipiga na sisi tunaangukiana kwenye benchi. Kwenye piano yangu hakuna hiyo noti. Piano imekwisha, mkono unaangukia hewani. Nimezoea kumalizia kwa kujipiga goti.

Ya pili: Ting. Bado ipo. Siku tatu hizi nimejaribu kila kitu. Nimeipiga taratibu, nimeipiga kwa haraka, nimeiruka. Nikiiruka wimbo unapata pengo. Nikiipiga, si Mama. Kuna mahali nilikaa tu nikiwa nimeshika tama. Ninaweza kuwa nimeusahau? Huu peke yake ndio niliobaki nao wa Mama. Picha zake anazo Dada.

Nikapiga moyo konde, nikaenda kwa Mkurugenzi. Kisingizio: kuulizia bei ya matangi. Piano yake iko sebuleni kama gari la maonyesho. Nikamwomba anipigie kidogo. Akasema hawezi, anatunza kwa ajili ya Jumapili. Nikasema hata mimi. Tukanywa soda. Tukatazamana.

Nilipokuwa naaga, shemeji, yaani mkewe, alininong'oneza mlangoni kwamba mumewe hali yake si nzuri. Ameirudisha piano dukani mara mbili akidai ni mbovu. Kibonye kimoja, kule juu. Muuzaji amemwambia wewe ni wa pili, na yule wa kwanza mnafanana pua.

Nimerudi nyumbani nikitembea kwa furaha. Hajui! Naye hajui! Baada ya kona mbili furaha ikaniishia. Kama hata yeye hajui, nani anajua?

Jumapili, 16 Machi

Nyumba ya Dada imebaki maboksi na mwangwi. Ukutani kuna madoa meupe pale picha zilipokuwa. Niliingia na piano yangu begani, nikaikuta ya Mkurugenzi imeshasimama karibu na dirisha, yeye pembeni amevaa tai. Nikaiweka yangu juu ya boksi la vyombo, nikaifungua kwa madaha, na nikagundua kwamba nimeacha waya wa umeme nyuma ya kabati.

Mkurugenzi alisema pole kaka kwa sauti ambayo sitaisahau.

Baada ya kula Dada alisema sasa. Mke wangu akashika simu ya kurekodi. Mkurugenzi alianza. Alipiga vizuri, nakubali, naandika mara moja tu. Mstari wa kwanza, wa pili, akapanda, Ting, akasimama. Akasema kuna hitilafu ya kiufundi. Nikamwambia asogee. Nikakaa. Mstari wa kwanza, wa pili, nikapanda, nikafika pale na mimi nikasimama, kidole hewani.

Nikasema, bila kumtazama mtu, kwamba samahani Dada, tumeusahau.

Dada alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya boksi, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani. Akasema nyinyi wawili wajinga sana. Kibonye kile kilikuwa kimekufa! Kilikuwa kimekufa kabla hata wewe hujazaliwa, akaninyooshea kidole, shule haikuwa na fundi. Mama alikuwa akikigusa kinasema tok, kama mtu amegonga mlango. Na noti tulikuwa tunaiimba sisi. Watatu. Aaa! Mama aliutunga wimbo wote uzunguke kile kibonye, ili tukae kimya tukisubiri zamu yetu, tuache kupigana.

Mkurugenzi aliketi chini sakafuni na tai yake. Mimi nilibaki na kidole hewani. Miaka yote hii nimeusikia ule wimbo kichwani, na pale mahali sikuwahi kusikia piano, kwa sababu hapakuwa na piano. Palikuwa na mimi. Na yeye, na Dada. Tumezunguka duka zima tukishtaki vibonye vizima.

Mkurugenzi alitaka kutafuta kwenye vitufe namna ya kuzima noti moja. Haipo. Dada akasema aache ufundi wake, atagonga yeye. Basi tukakaa watatu kwenye ile benchi mpya, ambayo haikutengenezwa kwa matako ya umri wetu. Mimi nikapiga. Mstari wa tatu, nikapanda, Dada akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, tok, na Mkurugenzi akaimba mapema. Nikamwambia. Akaniambia mimi ndiye niliyechelewa. Tukazozana. Dada alitufinya wote wawili kwa mpigo, mapajani, pale pale alipokuwa akitufinya zamani.

Mara ya pili, tok, na tukaimba. Sauti ya Dada imekuwa nyembamba. Ya Mkurugenzi imekwaruza. Yangu sijui. Lakini ilikaa mahali pake, na nikamsikia Mama akisubiri tumalize ili aendelee. Nililia wazi, bila kujikaza. Mwishoni, kwa mazoea, nikajipiga goti, na Mkurugenzi akanyoosha mkono mbele yangu akaipiga ile noti nzito kwa niaba yangu. Tukaangukiana.

Mke wangu alirekodi kila kitu, na ule ugomvi pia. Nikamwomba Dada aukate. Amekataa katakata, anasema hiyo ndiyo sehemu inayofanana zaidi.

Jumanne, 18 Machi

Dada ameondoka asubuhi. Mkurugenzi na mimi tulibeba mabegi. Kwenye mlango wa abiria aligeuka, akatutazama, akagonga hewa kwa kifundo cha kidole. Tulikaa ndani ya gari lake muda mrefu kabla hajaliwasha. Tumekubaliana kwamba kuanzia sasa hakuna tena kushindana, tumezeeka.

Mchana nilipita dukani. Nilimuuliza muuzaji kama wanazo piano za kidijitali zenye kibonye kimoja kilichokufa. Alivua miwani. Akasema mzee wangu, wewe kwanza ulikuja unalalamika. Nikamweleza habari yote, naye akakaa, akasema hana, lakini kuna ukumbi mmoja wa zamani nyuma ya stoo za mbao wanaotaka kuondoa piano yao ya mbao. Wanaitoa bure kwa atakayeibeba. Ina vibonye kumi na kimoja vilivyokufa.

Kumi na kimoja! Nimekwenda kuiona. Kubwa, nyeusi, inanuka mchwa. Kile cha kwetu ni kimojawapo, nimekigusa: tok. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Ikikaa kwangu, Dada siku akirudi kutembea atakuta nafasi ya sisi watatu ikingoja. Tatizo ni kwamba muuzaji, kwa wema wake, amempigia simu Mkurugenzi pia. Kwa hiyo nimeshalipia wabebaji wanne na mkokoteni, kesho alfajiri, kabla hajaamka. Vipimo vya mlango nitachukua wakishafika.

Mke wangu nimemwambia kwamba kesho tunaletewa kabati la vyombo. Ameendelea kumenya viazi, akauliza lina pedali ngapi.

Nimejibu mbili.